NILIBAMIZA GARI LA SHEMEJI, PUTI IKANIUMBUA!

Mimi si mzima sana lakini napumua. Wiki mbili zilizopita safu hii haikutoka na baadhi yenu mkaulizana kulikoni, kijana kaoa nini? Hakuna aliyeoa. Nilikuwa gereji. Tena si kwa kupenda, bali kwa kimbembe nilichojitengenezea mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na mguu mmoja wa kulia uliochelewa kufika kwenye breki.

Wanaonijua wanajua kwamba naishi Olasiti kwa dada yangu. Tangu nimalize kidato cha nne nipo hapo, nakula ugali wake na kulala chumba cha uani. Shemeji yangu ni dereva wa watalii, wale watu wanaopotea mjini wiki nzima halafu wanarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Kazini anaendesha Land Cruiser ya kampuni. La kwake mwenyewe ni Toyota Spacio, rangi ya fedha, na analipenda kiasi kwamba dada aliwahi kuuliza mbele ya wageni kama kwenye ndoa ile wako wawili au watatu.

Spacio hilo lina alama moja. Kwenye boneti, upande wa abiria, kuna maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari: BABA. B ya pili imegeuzwa, tumbo linatazama kushoto. Ni kazi ya mpwa wangu, mwaka ule alioanza kujifunza herufi. Dada alishachuma fimbo, shemeji akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hajakubali fundi wa rangi asogee hapo.

Basi bwana, Jumatatu moja shemeji akaondoka na wageni. Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kurudi Jumatano ya wiki ya pili. Funguo za Spacio akamwachia dada, kwa dharura. Jumanne jioni dharura ikapatikana: kulikuwa na kikao cha sendofu ya dada wa rafiki yangu huko Kisongo na mimi ndiye mweka hazina. Sasa mweka hazina mzima aende na bodaboda? Hadhi iko wapi?

Leseni ninayo, usinifikirie vibaya. Nilikuwa nimeishika barabara ya mchepuko, ile inayotoka Ngaramtoni mpaka Usa River ambayo sisi tunaiita baipasi. Mbele yangu kirikuu imejaza magunia ya vitunguu. Kina mama wa Kimaasai wakavusha punda wao na madumu ya maji, kirikuu ikasimama kwa heshima. Mimi nilikuwa naangalia simu. Nukta moja tu. Pwaa!

Hakuna aliyeumia, hata punda. Mwendo ulikuwa mdogo, mifuko ya hewa haikufyatuka. Lakini kona ya mbele kushoto ilikuwa ya kulia machozi. Taa imepasuka, bampa linaning'inia upande mmoja, fenda imejikunja kama shati lililolaliwa, na boneti imeinuka katikati mfano wa hema. Yale maandishi bado yalisomeka, ila mkunjo ulikuwa umepita katikati yake: BA huku, BA kule.

Na mwenye kirikuu tukamalizana palepale, 60,000/= kwa ajili ya geti lake la nyuma. Hapo ndipo ujinga wa kwanza. Ajali inatakiwa kuripotiwa polisi, nalijua hilo na wewe unalijua, lakini mtu anayeficha hana muda wa trafiki. Kumbe laiti ningeripoti, ile hela wala isingenihusu. Gari la shemeji lina bima ndogo, ile ya lazima, na kazi ya bima ndogo ni kumlipa uliyemgonga. Tunaitembeza miaka nenda rudi bila kujua inasema nini. Wewe mwenyewe, bati lako na taa yako, haikupi hata senti. Hayo ni ya bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi hutozwa kuanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, yaani gari la milioni 10 ni 350,000/= kabla ya VAT. Na mwenye bima kubwa naye asikimbilie spana. Kwanza fomu za polisi, halafu mkaguzi wa bima alione gari kama lilivyo. Ukishafungua bampa kabla hajafika, umejitafutia kesi.

Haya, gereji. Ya kwanza ilikuwa upande wa mjini, sitaitaja, wana watoto wa kulisha kama wengine. Kijana mmoja alilizunguka gari mara moja, mikono mfukoni. "Bosi, hii ndogo sana. Siku mbili tu. Laki mbili na themanini, inatoka kama imeshuka melini leo." Maneno matamu hayo, mpenzi msomaji! Mtu mwenye hatia anapenda sana kuambiwa kosa lake ni dogo. Nikatoa 200,000/= ya kutangulizia, akiba yangu ya simu mpya. (Hela ya sendofu sikuigusa. Kamati mnasoma hapa, mhesabu upya mkitaka.) Dada nikamwambia gari liko sevisi.

Ijumaa nikaenda kutazama. Fenda ilikuwa imenyooka, laini kama yai, ya kijivu, inasubiri rangi. Boneti imeshushwa, imetulia. Rangi yenyewe ilikuwa kwenye chupa ya soda. Nikauliza ni rangi ipi, nikajibiwa, "Silva ya Toyota." Bampa halikuwa limefunguliwa hata bolti moja. Mimi nikaona sawa tu. Nikaomba nilichukue gari nikalilaze nyumbani, Jumamosi nilirudishe kwa rangi, maana dada alishaanza kuuliza sevisi gani hiyo isiyokwisha.

Kilichoniokoa ni chalii mmoja wa mtaani kwetu, amesoma ufundi bodi VETA na sasa anafanya kazi gereji ya uchochoroni hapahapa Olasiti. Nilipompita akanyoosha mkono, nikasimama. Hakunisalimia. Aligonga mlango kwa kidole: kong, kong. Akagonga fenda: pu, pu. Akanitazama kwa huruma. "Chalii angu, hii umelipia?"

Akanipeleka kwa bosi wake. Mzee mwenyewe hataki jina lake gazetini, tumwite Mzee wa Nyundo. Ana miaka zaidi ya sitini, koti la bluu lisilo na vifungo, na uwanja wake una mjakaranda mmoja, kompresa moja, na magari saba yanayosubiri. Ufundi aliuanzia kwenye Land Rover za watalii.

Niseme kidogo hapa. Watu wanadhani fundi bodi mzuri anapatikana Dar es Salaam tu. Wanasahau kwamba Arusha ni mji unaoishi kwa kukata magari. Land Cruiser inafika ikiwa ya kawaida, inakatwa katikati, inaongezwa urefu, inawekewa viti vya safu na paa la kuinuka ili mgeni asimame amtazame simba. Kampuni kama Hanspaul zimejulikana kwa kazi hiyo, na pembeni yake wamekua mafundi chungu nzima ambao bati kwao ni kama unga kwa mpika chapati. Hao Land Rover nao wana kisa chao. Bodi zao ni za alumini tangu 1948, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Mzee anasema fundi aliyejifunzia kwenye alumini hana papara, maana alumini ukiigonga sana inatanuka na hairudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umegonga nini?"

"Kirikuu."

"Na huyu aliyekutengenezea, yeye aligongwa na nini?"

Akachomoa mfukoni sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Akaiweka mlangoni, ikanata: kap. Akaiweka kwenye fenda, ikaanguka chini. Akaijaribu juu, chini, katikati. Ikaanguka, ikaanguka, ikaanguka. "Hii siyo fenda," akasema, "hii ni keki ya harusi." Akachukua patasi, akabandua. Puti ikatoka bonge, unene wa chapati mbili zilizopandana, na chini yake bati lilikuwa limekunjamana vilevile kama nilivyoliacha Jumanne. Hawakulinyoosha hata kidogo. Walilizika.

(Ushauri wa bure: ukienda kununua gari la mkononi, beba sumaku ndogo kwenye kitambaa. Ila usiijaribu kwenye Land Rover ya zamani. Haitanata popote na utamtukana mwenye mali bure.)

Puti siyo haramu. Mzee mwenyewe anaitumia. Lakini kwake ni ya kufuta alama za nyundo baada ya bati kurudi mahali pake, milimita mbili tatu basi. "Puti ni poda mwanangu, siyo nyama." Ikiwa nene, kwenye barabara zetu za makorongo inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na kutu inaanza kula kwa ndani wakati nje rangi inang'aa. Unakuja kushtuka bati limebaki jina.

Hapo nilidhani balaa limekwisha. Mzee akasema, "Fungua bampa." Chalii akafungua, na mimi nikatamani asingefungua.

Kile chuma cha kuvuka kilicho nyuma ya bampa kilikuwa kimepinda. Shoo, yaani fremu inayobeba rejeta na taa, ilikuwa imesukumwa nyuma mpaka feni inakaribia kugusa. Na komeo la boneti, mpenzi msomaji, halikuwa linafunga. Wale mabwana walikuwa wamelivuta chini wakalifunga kwa waya wa kujengea. Waya! Mzee aliukata kwa koleo, boneti ikaruka juu yenyewe.

"Ungekuwa spidi themanini baipasi, huu ukakatika, boneti inakuja juu ya kioo. Ungeona nini?"

Sikujibu. Nilikuwa nafikiria Alhamisi. Shemeji akishatoka safari, kesho yake ndiye anampeleka mtoto shule. Na gari hilo. Na ningekuwa nimesimama mlangoni nawapungia mkono.

Mzee akachukua futi ya kamba. Akapima kutoka tundu moja la chasisi nyuma kulia mpaka la mbele kushoto, kisha akapima kinyume chake, kama msalaba. Gari zima vipimo hivyo viwili vinalingana. Langu, samahani, la shemeji, vilipishana sentimita moja na nusu. Mkono wa chasisi wa kushoto ulikuwa umeingia ndani.

Nikalalamika kwamba magari ya siku hizi ni makopo, kirikuu kidogo tu limekunjamana hivi. Mzee akacheka. Akasema limeumbwa lijikunje. Nilikwenda kulisoma hilo baadaye nikakuta ni kweli: mhandisi wa Mercedes-Benz aitwaye Béla Barényi ndiye aliyepata hatimiliki ya wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 likatoka gari la kwanza lililotengenezwa hivyo. Pua na mkia vijikunje, kile chumba cha watu kibaki kigumu. Bati linakufa ili wewe usife. Sasa ukilijaza puti na kulifunga waya, siku ya kugonga tena litajikunja vipi? Nguvu itapita moja kwa moja mpaka magotini kwako.

Kisha akanihesabia, na hapa nakuomba usome taratibu maana ndipo hela zinapoliwa. Vinavyofungwa kwa bolti, yaani fenda za mbele, boneti, milango, mlango wa buti, vikikunjika sana usihangaike kunyoosha, fungua weka kingine, mara nyingi ni rahisi kuliko siku tatu za nyundo. Vilivyochomelewa na mwili wa gari, yaani paa, nguzo na bati la ubavuni nyuma, hivyo kuvikata ni operesheni, vinanyooshwa kwanza mpaka ishindikane. Mkono wa chasisi uliopinda kidogo unavutwa taratibu ukiwa wa baridi. Anayeupasha moto wa gesi mpaka uwe mwekundu ili apate wepesi, mkimbie, chuma kile kikishaungua kinapoteza ugumu wake na hakuna jicho litakaloona.

Boneti 180,000/=, fenda 90,000/=, taa 110,000/=, shoo 70,000/=, chuma cha bampa 50,000/=, vyote vya mtumba kutoka Japani. Bampa lenyewe, kwa kuwa ni plastiki, litashonwa kwa moto. Kuvuta chasisi, kufunga na rangi 330,000/=. Jumla 830,000/=. Mfukoni nilikuwa na 95,000/=.

"Mzee, huwezi kufanya fanya tu lifike Jumatano?"

"Naweza. Sitaki."

Usiku huo nikamwambia dada. Alikuwa anakoroga loshoro. Nilimweleza kuanzia mweka hazina mpaka waya, na yeye akaendelea kukoroga. Nilipomaliza akauliza, "Umeumia?" Nikasema hapana. Akaendelea kukoroga. Afadhali angenipiga na mwiko.

Dada yangu ni mshonaji. Miezi kumi alikuwa anaweka hela kwenye kikoba apate cherehani ya pili, ile ya umeme, ili aajiri msichana wa kumsaidia. Jumamosi asubuhi akaweka mezani 735,000/=. "Hii ni cherehani," akasema, "usije ukasema ni fenda." Halafu akauliza, "Na boneti? Yale maandishi?" Nikaangalia chini. "Basi shemeji yako utamwambia mwenyewe. Mimi mdomo wangu haumo."

Nilijaribu, wallahi. Nikamwomba Mzee boneti ile ainyooshe badala ya kuibadilisha, nikamwonyesha maandishi. Aliigeuza akanionyesha mbavu za ndani, zile pau zinazoishikilia, zilivyovunjika. Angeweza kuinyoosha, akasema, lakini pale kwenye mkunjo lazima ipite puti na rangi, maandishi yatafukiwa vilevile. Na mbavu zikishavunjika hazina kazi tena. "Utakuwa na boneti mbovu na maandishi huna. Chagua moja." Hakukuwa na la kuchagua.

Vifaa vingine tulivipata hapa mjini, boneti na shoo zikaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zikapanda basi la usiku. Kuna fenda mpya za bei poa za kuigiza, zinang'aa, Mzee hazitaki. Anasema bati ni jepesi na matundu hayakutani, fundi anaishia kutoboa mengine. Lakini hata ile ya mtumba aliipima na sumaku kabla hajalipa, kwa sababu na Wajapani nao wanagongana.

Kazi yenyewe sitakuchosha nayo, ila mambo mawili matatu nimeyaona kwa macho. Kabla ya kuchomelea shoo alifungua nyaya za betri, maana umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Halafu kila kitu kilifungwa kwanza bila rangi. Boneti ikawekwa, ikafungwa, ikafunguliwa, ikasogezwa, zaidi ya mara kumi, mpaka nafasi kati yake na fenda ikawa sawa kushoto na kulia. Anapima kwa sarafu mbili zilizobanwa pamoja: zikipita kwa shida huku na huku, sawa. Zikipita upande mmoja na kukwama mwingine, rudia. Gereji ile ya kwanza wao wangepaka rangi kwanza, halafu ndiyo wagundue mlango unagonga fenda.

Rangi nayo ni elimu. Kila gari lina kibati chenye namba ya rangi. La shemeji lilikuwa 1C0. Ipo pia Toyota ya fedha yenye 1F7, na ukiziweka kivulini utaapa ni mapacha, zitoe juani uone. Zile zenye chembe za kung'aa ndizo mbaya zaidi, chembe zikilala vibaya panel moja inakuwa nyeusi ukiitazama kwa ubavu. Na gari la miaka ishirini limeshapauka na jua, hata namba sahihi haitafanana. Kwa hiyo Mzee hakuishia kwenye fenda, alipuliza akififisha rangi mpaka ndani ya mlango wa mbele, ili jicho lisipate mahali pa kushika.

Kazi hiyo aliifanya saa kumi na moja na nusu alfajiri, ardhi imemwagiwa maji. Mchana haiwezekani. Tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze kule Olmoti mwaka 2024, sisi vumbi la malori tumelizoea hata kwenye chai, ila rangi mbichi hailizoei.

Jumanne jioni nilikabidhiwa. Mzee akanirushia na vile vyuma vibovu. "Beba mzigo wako." Kumbe ndiyo desturi ya fundi mkweli, kifaa cha zamani ni cha mwenye gari. Anayekwambia amekibadilisha na hana cha kukuonyesha, yawezekana hakubadilisha kitu. Nikavipakia kwenye guta mpaka nyumbani, dada akaviangalia, akachukua boneti akaezekea banda la kuku lililokuwa linavuja.

Jumatano saa kumi shemeji akaingia na vumbi lake. Nikampokea begi. Akanywa chai. Akatoka nje kama kawaida yake kwenda kusalimia gari.

Alilizunguka polepole. Akapitisha kidole kwenye ile nafasi kati ya fenda na boneti. Akafungua boneti, akatazama vichwa vya bolti, maana bolti iliyowahi kuguswa na spana hata uipake rangi inajulikana. Akafunga. Kisha akaweka kiganja pale upande wa abiria, juu ya rangi iliyotulia, safi, haina hata mkwaruzo.

"Shemeji," nikasema, "nilibamiza kirikuu."

"Naona."

"Nilikuwa naangalia simu."

Kimya. Kuku ndio walikuwa wanaongea peke yao.

"Nani katengeneza?"

Nikamtajia.

"Anajua kazi." Mkono bado uko juu ya boneti. "Ya zamani iko wapi?"

Mimi ulimi ulikwama. Akajibu mpwa wangu aliyekuwa amekaa kizingitini na kipande cha muwa: "Iko kwa kuku, baba."

Akaenda nyuma ya nyumba. Juu ya boneti alikuwa amesimama jogoo. Akamfukuza, akachuchumaa, akafuta kinyesi kwa mkono mtupu mpaka herufi zikatokea, BA upande huu wa mkunjo, BA upande ule, na ile B imegeuka bado. Mtoto alikuwa amemfuata na muwa wake. Akasema, "Mimi siku hizi naandika vizuri kuliko hivyo." Baba yake hakumjibu, alikohoa tu.

Asubuhi yake akaibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa Mzee wa Nyundo. Mzee akachora mstari kuzunguka yale maandishi, akakata kwa mkasi wa bati, akapiga tupa kingo zisimkate mtu, akataka kugonga ule mkunjo unyooke. Shemeji akamzuia. 5,000/=. Kipande kiko ukutani sebuleni, juu ya televisheni, na kila mgeni anauliza, na kila mgeni anasimuliwa, na kila anaposimuliwa mimi natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Banda la kuku linavuja tena. Dada nimeanza kumlipa 60,000/= kila mwezi kutoka kwenye hela ya safu hii, kwa hiyo mhariri usinikate hata aya moja. Shemeji hajasema kitu zaidi. Jumatatu hii ameondoka tena na wageni, siku nane, na funguo za Spacio amekwenda nazo Serengeti.